Fundi wa Kuhamisha Picha

Kila siku kabla ya kuendesha mashine, Fundi aliinama mbele ya kioo kidogo kilichoonyesha picha na kuuliza, "Nani yuko pembeni?" Hakuwa akiniuliza mimi. Aliiuliza picha. Kisha aliweka kidole kwenye ukingo wa kushoto, akakipeleka taratibu hadi wa kulia, midomo ikihesabu watu. Akisharidhika ndipo aliposema, "Haya, bismillahi," na mashine ikaanza kunguruma.

Nilifanya kazi naye miaka minne mjini Malindi, katika chumba cha ghorofani nyuma ya maduka ya vitambaa. Ilikuwa miaka ya themanini, na kazi yetu ilikuwa kuhamisha filamu kuwa kanda za video. Wenye kamera za filamu, zile za utepe wenye matundu kandokando, walituletea mikebe yao. Kituo cha televisheni huko Nairobi hakikutaka mikebe. Kilitaka kanda pana, ndani ya kasha la plastiki kubwa kama kamusi, na kilikuwa na masharti yake: mwanzoni dakika nzima ya mistari ya rangi na mlio, halafu weusi, halafu hesabu ya kurudi nyuma, ndipo picha yenyewe. Nairobi kulikuwa na mashine kubwa za kuhamishia filamu, lakini foleni yake ilikuwa ndefu. Pwani kulikuwa na Fundi.

Mji mzima ulimwita hivyo. Alikuwa na jina lake, na niliwahi kuliandika kwenye risiti, lakini hata mkewe akimtumia chakula alimwambia mtoto, "Mpelekee Fundi." Sikupata kujua alizaliwa mwaka gani. Nilijua alikunywa kahawa bila sukari, kwamba viatu vyake vya kushoto viliisha upesi kuliko vya kulia, na kwamba projekta yake aliiita Bibi.

"Bibi leo ana joto," aliniambia akiigusa kwa mgongo wa mkono. "Tumpumzishe."

Mashine yenyewe aliitengeneza kwa mikono. Projekta ilitupa picha kwenye kioo cha kujitazamia kilichowekwa upande, kioo kikairudisha picha kwenye kipande cha kioo chenye ukungu kisichozidi ukurasa wa daftari, na upande wa pili kamera ya video ikaitazama na kuirekodi kwenye kanda. Vyote vilikuwa ndani ya sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeusi ndani. Ukifungua mlango wake mdogo ulisikia harufu ya mafuta ya cherehani.

Nilifika kwake nikitoka Kitui, na cheti cha kupiga chapa. Asubuhi ya kwanza niliingia nikasema, "Habari ya asubuhi, Mzee." Akaendelea kupangusa lenzi. Nikarudia kwa sauti zaidi. Akaendelea kupangusa. Nilisimama pale nikifikiri labda ni kiziwi, mpaka nikakumbuka nilivyosikia watu wakiamkiana sokoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu!" Akageuka akitabasamu kana kwamba nimeingia sekunde ile. "Karibu, karibu. Umeamkaje? Wazee huko nyumbani hawajambo?"

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Hakukemea. Aliacha kusikia. Nikisema "nipe mkasi," mkasi haukuonekana. Nikisema "naomba mkasi," ulikuwa mkononi mwangu. Miezi sita baadaye nilipokwenda nyumbani likizo, dada zangu waliniambia nimeanza kuongea kama mtangazaji wa redio.

Kumbe na yeye alinihitaji. Kuandika aliandika vizuri sana, lakini kwa herufi za Kiarabu. Kila mkebe ulikuwa na karatasi yenye mwandiko wake mwembamba: urefu wa filamu, mahali palipokwaruzwa, mahali ambapo rangi imeanza kwenda wekundu kwa sababu ya joto la pwani. Herufi za Kizungu hakuzisoma. Barua za kituo, lebo na fomu vilikuwa vyangu.

Wiki ya kwanza alinipa barua iliyokuwa imegongomelewa ukutani kwa msumari. "Isome kwa sauti," akasema.

Ilikuwa barua ya kukataa kanda yake ya kwanza kabisa. Mhandisi alieleza kwamba picha inapepesa mwanzo hadi mwisho, kwamba haifai kurushwa hewani, na kwamba mtengenezaji ajifunze tofauti ya filamu na televisheni kabla ya kutuma nyingine. Nilisoma nikiona aibu kwa niaba yake. Nilipofika katikati nikasikia anasema maneno pamoja nami. Aliijua barua nzima kwa moyo, kwa Kiingereza chake cha kuazima.

"Huyu bwana alinifaa kuliko walionisifu," akasema, akairudisha msumarini.

Tofauti yenyewe alinieleza siku ileile, kwa punje za mbaazi alizozipanga mezani. Filamu hupita picha ishirini na nne kwa sekunde. Televisheni yetu ilitaka ishirini na tano. Ukiziacha zikimbie kila moja kwa mwendo wake, hukosana, na picha hupepesa. Kwa hiyo Fundi alichonga upya kapi la Bibi, akalisugua kwa tupa wiki mbili, mpaka projekta ikapata mwendo wa ishirini na tano. Picha ikatulia. Lakini kila mtu kwenye filamu sasa alitembea upesi kidogo, na sauti yake ikapanda kidogo.

Wateja hawakutambua. Yeye jambo hilo lilimsumbua sana. Siku moja tulikuwa tunahamisha filamu ya shehe mmoja akieleza habari za visima vya zamani, na Fundi akazima mashine.

"Sivyo anavyosema," akanung'unika. "Huyu mzee namjua. Sauti yake iko chini. Hapa namsikia kijana."

"Mzee, ni kidogo tu."

"Kidogo kwako. Mtoto wake akisikia je?"

Hakukuwa na la kufanya, na alijua. Akawasha tena. Lakini tangu siku ile, mtu aliyezungumza kwenye filamu akiwa anaishi karibu, Fundi alimtafuta na kumwomba radhi kabla kanda haijatoka. Wengi hawakuelewa wanaombwa radhi ya nini. Walimsamehe hivyo hivyo.

Jambo lililomkera zaidi ya sauti lilikuwa ukingo. Filamu ilibeba mambo mengi ambayo televisheni ya siku zile haikuweza kuyapokea. Ungetazama kwenye filamu ukaona kila uzi wa leso. Ukiihamisha, leso ilibaki rangi tu, kama nguo iliyofuliwa mara mia. Hilo alilivumilia. Lakini filamu nyingi zilikuwa pana, na kioo cha televisheni kilikuwa karibu mraba, kwa hiyo kulia na kushoto lazima kitu kibaki nje. Watu wengine wa kazi hii waliielekeza kamera katikati wakaenda kunywa chai. Fundi alikaa na picha dakika kwa dakika, mkono kwenye parafujo ya kamera, akiisogeza unywele mmoja huku, unywele mmoja kule, ili anayefanya kazi au anayezungumza asikatwe.

Mtalii mmoja, Mwitaliano mwenye nyumba upande wa Watamu, alileta filamu ya samaki mkubwa aliyemvua. Alieleza kwa Kiswahili cha hotelini kwamba mwanamke aliyesimama upande wa kushoto akatwe. Walikuwa wameachana.

Fundi aliitazama picha. "Mama huyu ndiye aliyeshika mkia wa samaki," akasema. "Nikimtoa, samaki ataelea hewani."

"Sawa, aelee."

"Mimi siwezi, bwana. Kamtafute mwingine."

Mwitaliano alitoka amekasirika. Baada ya siku mbili alirudi, akasema basi, mwache. Alipoitazama kanda hadi mwisho, aliomba nakala ya pili. Hatukumwuliza ya nani.

Ungedhani mtu wa namna hii angependa na yeye aonekane. La. Ilipohamishwa filamu ya arusi ya mpwa wake, nilimwona wazi kwenye utepe, amekaa mwisho wa safu akila biriani kwa furaha kubwa. Kwenye kanda hayupo. Aliisogeza kamera hadi bega lake likatoweka.

"Mzee! Umejikata!"

"Mimi najua nilikuwepo," akajibu, na hakutaka tuzungumze zaidi.

Wala hakuwa mpenzi wa televisheni. Wakimweka mbele yake, usiku haujaingia alishasinzia, kidevu kifuani. Alikuwa mkarimu hata kwa wauza maji wasiomjua, lakini kipande cha utepe mweupe usio na picha, chenye urefu wa kidole, hakukitupa. Alivikusanya kwenye mkebe wa samli na kuviunganisha kwa gundi, na kila filamu yetu ilianza kwa mkia wa viraka.

Kazi ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya maji ya Tezo.

Kikundi cha akina mama wa Tezo kilikuwa kimechimba mtaro wa bomba kwa majembe, mwaka na zaidi, na bomba lilipofika mgeni rasmi alialikwa kulifungua. Kampuni moja ndogo ya Nairobi ilipiga filamu, na bwana mmoja wa kampuni hiyo, kijana mwenye tai na haraka nyingi, akaja nayo Malindi siku ya Jumanne. Kanda ilitakiwa iwe Nairobi Ijumaa, ili ionyeshwe Jumapili.

"Weka katikati tu, Mzee," alisema. "Mgeni rasmi yuko katikati kila mahali. Huwezi kukosea."

Fundi aliuliza swali lake, akapitisha kidole. Tulifika pale penyewe, mgeni anafungua bomba. Yeye alikuwa katikati, kweli, suti ya kijivu, anahutubia. Ukingoni kabisa, kushoto, alisimama mwanamke mfupi ameshikilia bomba lisitikisike maji yakitoka. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi. Ukiweka katikati, mwenyekiti alitoweka, isipokuwa mkono. Mkono mmoja, umeshika bomba, hauna mwenyewe.

Fundi alikaa chini. "Siwezi kupeleka mkono," akasema.

Akaisogeza kamera kushoto. Mwenyekiti akaingia mzima, na mgeni rasmi akakatwa sikio na bega. Akaihamisha hivyo. Kesho yake yule bwana wa Nairobi alikuja kutazama, na ilipofika pale akaruka kutoka kitini.

"Mzee, umemkata mheshimiwa!"

"Nimemkata sikio. Lingine analo."

"Si mzaha huu! Mimi nitaulizwa. Nitapoteza kazi!"

Mzaha ukamwisha Fundi. Alimtazama yule kijana, nadhani kwa mara ya kwanza, akaona kwamba anaogopa kweli. "Kaa, mwanangu," akasema kwa upole. "Sikutaka kukuharibia. Lakini mama huyu naye ataulizwa kwao. Watamwambia, mbona ulisema ulikuwepo?"

Fundi akajaribu njia nyingine, kuipunguza picha nzima ienee, na ukanda mweusi juu na chini. Yule bwana akatikisa kichwa. Kituo kingedhani ni hitilafu, kanda ingerudi, na Jumapili isingengoja. Kahawa yetu ikapoa vikombeni.

Mimi sikuwa fundi. Lakini nilikuwa nimeitazama sehemu ile mara saba, na nilikuwa nimeandika muda wake kwenye fomu. "Mzee," nikasema, "mgeni haanzi kuhutubia mara moja. Kwanza maji yanatoka, kisha anasubiri makofi. Kuna sekunde kumi na nne. Si tungeanza na mama, tukaenda kwa mgeni polepole?"

Fundi hakujibu. Nikadhani nimesema vibaya, hajanisikia. Kisha akavua kofia, akaiweka juu ya meza, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Utahesabu," akaniambia.

Alhamisi tulianza saa mbili asubuhi, kabla mahoteli hayajawasha mashine zao na umeme kuanza kuyumba. Yule bwana alisimama mlangoni. Mimi nilihesabu kwa sauti, moja hadi kumi na nne, na Fundi akageuza parafujo kwa vidole viwili, pumzi ameibana. Mara ya kwanza mkono ulikwenda mbio, picha ikaruka. Mara ya pili ulikuwa laini, lakini nilipofika kumi na mbili umeme ulishuka, na Bibi akaguna kama mtu aliyeamshwa. Ya tatu alijikwaa mwishoni. Jasho lilimtiririka hadi kwenye ndevu. Nilimpa kitambaa changu akajifuta bila kuondoa jicho kiooni.

"Tena," akasema.

Mara ya nne maji yakatoka, mwenyekiti akawa katikati ya kioo, uso wote, ameuma mdomo kwa nguvu ya bomba. Kisha picha ikateleza, huwezi kusema lini, kama mtu anayegeuza shingo kumtazama anayetaka kusema. Nilipotamka kumi na nne, mgeni rasmi akafungua kinywa, na masikio yake yote mawili yapo.

Yule bwana wa Nairobi alipiga kofi moja, kisha akaona haya. "Afadhali hivi kuliko vile nilivyotaka mimi," akasema. Aliondoka na basi la mchana, kanda ameipakata mapajani.

Jumapili Fundi aliniambia, "Jitayarishe, tunakwenda Tezo." Akina mama walikuwa wamekusanyika nyumbani kwa mwalimu mkuu, aliyekuwa na televisheni ya kutumia betri ya gari. Ilikuwa saa kumi na moja jioni na jua bado kali. Fundi hakuingia ndani kutazama. Kwanza alimtafuta mwenyekiti, akamkuta akipanga viti.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi. Mimi ndiye niliyeihamisha picha yako. Pale unapozungumza, nimekupandisha sauti kidogo. Haikuwezekana vingine."

Yule mama alimtazama toka kofia hadi viatu. "Ulipandisha hata wapi, baba?"

"Kidogo. Kama unaimba."

"Basi hewala! Kanisani wanitoa kwaya kwa vile sauti yangu ya kiume."

Kipindi kilipoanza, Fundi alisimama dirishani nje, mgongo kwa televisheni, akiwatazama wanaotazama. Nilikuwa ndani. Maji yalipotoka na uso wa mwenyekiti ukaijaza ile televisheni ndogo, chumba kizima kilipiga kelele hata hatukumsikia mgeni rasmi anasema nini. Yeye mwenyewe alishika shavu. "Kumbe leso ile ilikuwa imechanika! Na ninyi mwanitazama tu, hamkuniambia!" Wakacheka, wakamshika mabega, wengine walilia kidogo. Nilipoangalia dirishani, Fundi alikuwa anacheka bila sauti, meno yote nje.

Njiani kurudi nilingoja aseme lolote kuhusu zile sekunde kumi na nne. Alizungumzia bei ya nazi mpaka Malindi.

Mwaka uliofuata niliolewa na mwalimu wa Gede, nikaacha kazi. Fundi alinipa mkono, akaniombea dua, akaniuliza kama nimeziacha fomu mahali panapoonekana. Basi. Nilishuka ngazi zile nikiwa na uchungu kidogo, sitaficha. Miaka minne, na neno langu la mwisho kutoka kwake lilikuwa fomu.

Nilimwona tena baada ya miaka mitatu, kwenye foleni ya kivuko cha Kilifi. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Kitui kumwona mjukuu, na nilikuwa namsindikiza hadi Mombasa apande basi la kwao. Alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu, maana maji mengi namna ile hakuyaamini. Kiswahili hakukijua, alijua salamu tu. Fundi alikuwa mbele yetu watu watano hivi, amekonda, anakwenda kwa daktari wa macho. Nilipomwamkia aligeuka akanitambua kwa sauti.

"Binti yangu! Na huyu?"

"Ni mama yangu mzazi, Mzee. Hasikii Kiswahili."

Fundi aliacha nafasi yake kwenye foleni, akaja hadi tulipo. Akaweka mkono kifuani, akamwinamia mama yangu.

"Mama," akasema, akimtazama yeye, si mimi, "binti yako alipokuja kwangu nilitaka kumrudisha siku ileile. Maneno yake yalikuwa magumu kama mawe. Nikamwambia mke wangu, huyu hatufai. Kesho yake akaniambia, Mzee, hapa umekosea. Mimi! Nikakasirika. Nikaenda kutazama, nikaona nimekosea kweli. Nikamshukuru Mungu kwa kuniletea mtu asiyeniogopa. Nimefanya kazi na wengi, mama, lakini ni yeye tu aliyeona ninachokitazama. Alipoondoka kwenda kuolewa nilifunga mlango siku tatu. Niliwaambia watu mashine imeharibika. Mashine haikuwa na kitu."

Kivuko kilikuwa kinakaribia. Mama akanivuta mkono. "Anasemaje?" akauliza kwa Kikamba.

"Anasema nilifanya kazi vizuri."

Mama akamtazama Fundi, akanitazama mimi. "Mtu huyu amesema maneno mengi kuliko hayo. Na macho yake yamelowa. Niambie yote."

Nikamwambia yote. Mawe, hasira, mlango, siku tatu. Nikamalizia kwa mashine isiyokuwa na kitu. Watu walikuwa wameanza kupanda, wanatupita kulia na kushoto.

Mama alimgeukia Fundi. Kisha akasema kwa lugha yetu, polepole, kama anayetaka nisipoteze hata moja, "Mwambie, nawe ulipotoka nyumbani kuja huku, sikutoka nje siku nne. Niliwaambia watu jino linaniuma. Jino halikuwa na kitu."

Sikuwa nimeyasikia hayo hata siku moja.

"Mama amesemaje?" Fundi akauliza, ameinama, sikio ameliweka karibu.

Nikavuta pumzi, nikamwambia neno kwa neno.